Kazi Isiyotaka Kubahatisha

Tumezoea kumsifu fundi wa jua kali kwa jambo moja: hashindwi. Spea ikikosekana, ataichonga. Bushi huitoa kwenye tairi kuukuu, radieta iliyotoboka huiziba kabla ya jua kuzama, na gari lililoletwa kwa kukokotwa asubuhi huondoka jioni likinguruma. Sifa hiyo ni ya haki, na haikuanza jana. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya, na ndani yake lilikiri kwamba watu waliokuwa wakisumbuliwa mijini ndio waliokuwa wakizalisha mali na kufundishana kazi bila msaada wa serikali. Tangu hapo ubunifu wa fundi wetu umetajwa katika hotuba, darasani na ndani ya matatu.

Ninataka kuusifu ustadi mwingine wa fundi huyo huyo, ambao hautajwi. Ni ustadi wa kujua pale ambapo ubunifu hauna ruhusa ya kuingia. Katika gari la zamani mahali hapo ni pembamba kuliko kidole, na hupita chini ya sakafu kutoka tangi la nyuma hadi kabureta ya mbele: ni njia ya mafuta. Kubadilisha mipira na paipu za njia hiyo ni kazi ambayo usalama haukuja kuongezwa juu yake baadaye. Usalama ndio ufundi wenyewe. Ukiutoa, hakuna kinachobaki cha kusifiwa.

Ninaandika haya nikiwa na Dallas akilini, mtaa wa hapa mjini Embu wenye mabati mengi na nafasi chache, wa watu wanaoamka mapema kutafuta riziki. Mji umekaa kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Barabara inayotoka hapa kwenda Meru hupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikishuka na kupanda bila kupumzika, kwa kuwa kila mto unaotoka mlimani, Thuci, Nithi na mingineyo, umejichimbia bonde lake. Barabara ya namna hiyo huyapima magari na kuwapima mafundi kwa pamoja. Gari likiwa na udhaifu, ataujua dereva wake kwenye mlima wa tatu.

Kwa miaka mingi magari yaliyoshinda mtihani huo yalikuwa Peugeot. Ile 404, iliyotoka Ufaransa mwaka 1960, ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ile 504, iliyotokea mwaka 1968, ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Watu waliokuwa wakisimama kando ya barabara kuyatazama yakipita na tope hadi paani hawakuhitaji tangazo la biashara. 504 iliunganishwa humu humu Kenya. Stesheniwagoni yake yenye safu tatu za viti ikabeba abiria kati ya Nairobi na miji ya mlimani, na pikapu yake ikabeba mazao ya shamba. Zilizobaki leo ni chache, na wengi wa wenye nazo hawazishikilii kwa sababu ya faida. Utamkuta mwalimu mstaafu anayeendesha gari alilonunua kwa mkopo akiwa kijana, au mtu aliyeachiwa na baba yake na hataki lioze chini ya mparachichi. Jijini Nairobi kuna hata mashindano ya kila mwaka ya magari yanayotunzwa, Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970. Mwenye gari kama hilo hupenda kuonyesha rangi na kromi. Fundi mzuri, kabla hajasema lolote kuhusu rangi, huinama na kunusa.

Hunusa kwa sababu mpira wa mafuta haufi kwa ghafla. Bandu bandu huisha gogo. Mpira wa asili, ule wa utomvu wa mti, haufai kabisa kwa petroli, kwani huinyonya, hufura na kulegea. Ndiyo maana mipira ya mafuta hutengenezwa kwa raba ya viwandani iitwayo nitraili, iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1930. Nayo ina umri wake. Joto la injini huikausha. Hewa huipasua kwa nje. Petroli yenyewe, mwaka baada ya mwaka, huyaosha na kuyaondoa mafuta laini yaliyotiwa ndani yake ili ipinde bila kuvunjika. Mwisho wake mpira huwa mgumu, hupungua unene, na nyufa hutokea pale pale unapopinda na pale unapobanwa na klipu. Ukiupinda kwa vidole hukatika kama mkate uliolala juani. Mara nyingine nje hubaki kuzuri huku ndani kukibambuka, na vipande vidogo vyeusi husafiri hadi kwenye kabureta. Gari huanza kukohoa mlimani, mwenye gari hununua plagi mpya, kisha koili, na adui yuko palepale.

Isitoshe, gari la mwaka 1970 leo hunywa kinywaji ambacho mipira yake haikukijua. Petroli ya zamani ilitiwa risasi. Baada ya Azimio la Dakar la mwaka 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza. Kampeni hiyo iliongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, na ni ushindi ambao Mkenya ana haki ya kujivunia. Lakini risasi ilipotoka, viwanda vililazimika kuipa petroli nguvu kwa kemikali nyingine, na baadhi ya kemikali hizo hufurisha raba ya kale. Kisha kuna ethanoli, inayochanganywa na petroli katika nchi nyingi siku hizi. Kenya yenyewe iliijaribu miaka ya 1980, ikitumia spiriti ya miwa iliyotengenezwa Muhoroni. Ethanoli huvuta maji, maji hualika kutu ndani ya tangi na paipu, na mipira ya zamani haiipendi pombe hiyo. Juu ya hayo kuna mafuta ya taa yanayochanganywa kwa ulaghai, hila iliyoenea hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuifanya isiwe na faida. Kwa hiyo fundi anayesema mpira wa miaka 20 ubadilishwe hata kama hauvuji hatafuti pesa. Anasoma historia iliyopita ndani ya mpira huo.

Kuhusu petroli yenyewe, nchi hii imekwisha kufundishwa kwa machungu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan, lori la mafuta lilianguka, watu wakaja na ndoo na mitungi, na moto ukaua zaidi ya 100. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, mafuta yaliyovuja kutoka bomba kuu yalishika moto katikati ya makazi. Sinai ulikuwa mtaa wa mabati kama Dallas. Anayefungua njia ya mafuta katika mtaa wa namna hiyo hashiki maisha yake peke yake. Nyuma ya ukuta wake wa mabati kuna mtoto aliyelala na mama anayepika.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba petroli iliyo kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata katika baridi kali kuliko yoyote itakayowahi kufika Embu, kwani petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi ukapotea. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujikusanya mashimoni, na hungoja. Ukifika kati ya asilimia moja na nusu na saba hivi ya hewa, cheche moja yatosha. Ndiyo maana tangi ambalo mtu analiita tupu ni la hatari kuliko lililojaa: lililojaa lina petroli nyingi na nafasi ndogo ya hewa, ilhali lile tupu limejaa mchanganyiko uliokamilika. Wachomeleaji waliokufa wakiziba matangi matupu walikufa kwa kutojua hesabu hiyo moja.

Ukishaijua hesabu hiyo, utaelewa kwa nini kazi ya fundi mzuri huanza mbali na gari. Kwanza huchagua mahali. Hatumii shimo la kukagulia magari, hata kama liko tayari na linamrahisishia mgongo, kwani shimo ndipo mvuke unapokwenda kulala. Hulisukuma gari nje, penye upepo, juu ya ardhi iliyo sawa. Hutazama jirani: mchomeleaji yuko upande gani, grainda inarusha cheche hadi wapi, jiko la mama wa chai limewekwa wapi. Huenda akamwomba jirani asubiri, na jirani anayemheshimu atasubiri, kwa sababu kesho zamu itakuwa yake. Mapema alfajiri ni saa nzuri ya kazi hii. Injini imelala usiku kucha na ekzosi ni baridi, na makaa mengi ya mtaa bado hayajawashwa.

Pili huzima umeme. Waya wa hasi wa betri hutoka kwanza na kuwekwa kando, usije ukarudi wenyewe. Mtungi wa kuzimia moto wa poda huwekwa pale mkono unapofika, si ofisini nyuma ya kabati, na ndoo ya mchanga hukaa karibu nao. Maji hayamo katika mpango huo, kwani petroli huelea juu ya maji, na anayeimwagia maji hueneza moto hadi kwa jirani. Mwanga, kama unahitajika, ni wa tochi iliyofungwa vizuri. Taa ya balbu ya waya, ile inayoning'inizwa kwenye boneti, ikidondoka na kupasuka imekuwa kiberiti.

Tatu hufungua kifuniko cha tangi ili presha iliyojificha itoke, kisha huyatoa mafuta. Hapa ndipo desturi mbaya zaidi ya kazi hii inapojitokeza: kuvuta petroli kwa mdomo. Nimewaona vijana wakifanya hivyo huku wakicheka, na wakubwa wao wakicheka nao. Tone la petroli likiteleza kwenye njia ya hewa huchoma mapafu na kuleta nimonia ambayo dawa za kawaida haziiponyi haraka. Tena anayeimeza halafu akalazimishwa kutapika huongezewa hatari, kwani inaporudi juu hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Pampu ya mkono, ile ya kubonyeza, si ghali. Mafuta hupokelewa katika mtungi wa chuma au ule uliotengenezwa kwa petroli, ukiwa umekaa chini ardhini ili umeme wa msuguano upate njia ya kwenda. Mtungi wa mafuta ya kupikia haufai. Huku yote hayo yakiendelea, bado mpira wenyewe haujaguswa. Mtazamaji asiyejua atadhani fundi anachelewa. Amekwisha kufanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo ngumu.

Mpira wa zamani hautolewi kwa kuvutwa kwa hasira. Umeng'ang'ania kwenye pua ya kabureta kwa miaka, na pua hiyo mara nyingi ni ya shaba laini iliyobanwa tu ndani ya aluminiamu. Ukiivuta kwa nguvu inalegea, na pua iliyolegea huja kuchomoka siku moja barabarani injini ikiwa moto. Fundi huuzungusha mpira kidogo kidogo. Ukikataa, huupasua kwa wembe kwa urefu, taratibu, bila kuikwaruza pua, akaubambua kama ganda la ndizi mbivu asiyotaka kuiponda. Kabla ya hapo amepiga picha au amechora kwenye karatasi kila mpira ulikopita, kwa sababu njia ya mafuta si moja. Kuna inayopeleka mafuta mbele, huenda kuna inayoyarudisha nyuma, kuna ya kupumulia ya tangi, na kuna ule mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi. Huo mnene ndio unaosahauliwa. Gari linaweza kubadilishiwa kila kitu mbele, halafu likanuka petroli kila linapojazwa tangi, kwa sababu hakuna aliyetazama kule nyuma.

Sasa yanakuja mazungumzo ambayo, kwangu mimi, ndiyo kiini cha insha hii. Mwenye gari amekuja na mpira aliouchagua mwenyewe, msafi na unaong'aa, wa bei ndogo.

"Mwalimu, huu siuweki," fundi anasema.

"Kwani una nini, fundi? Si ni mpira tu? Mafuta yatapita au hayatapita?"

"Leo yatapita. Mimi nafikiria mwaka ujao. Huu ni wa maji ya kioo, petroli itaufanya kuwa mgumu, na utapasukia juu ya ekzosi."

Ukubwa wa fundi hupimwa hapo. Mpira ulioandikwa kwa ajili ya mafuta hujitambulisha ubavuni kwa herufi na namba. Alama ya SAE J30R7 ni ya mafuta ya presha ndogo kama ya kabureta, na J30R9 ni ya presha kubwa ya magari ya injeksheni, tena mpira wake una ndani ngozi ya raba inayostahimili petroli ya siku hizi na ethanoli yake. Raba ya jamii hiyo ililetwa sokoni na kampuni ya DuPont mwaka 1957. Pampu ya kabureta husukuma kwa psi chache tu, chini hata ya presha ya tairi la baiskeli, na wengi hudanganyika hapo: wanafikiri presha ndogo husamehe mpira wowote. Presha si adui mkubwa wa mpira huo. Adui ni petroli na joto na miaka. Kwa hiyo fundi akipata wa R9 hata kwa gari la kabureta huuchukua, mradi kipenyo cha ndani kiwe sawasawa, milimita 6 au 8 au zozote zile pua inazodai. Mpira mpana uliobanwa kwa nguvu ya klipu haujakaa. Umelazimishwa.

Hapa ubunifu wetu wote husimama mlangoni. Ninajua hirizi za barabarani: sabuni ya kipande inayosindiliwa kwenye tangi linalovuja, utepe wa tyubu unaozungushwa kwenye mpira uliopasuka, silikoni inayopakwa kwenye kiungo. Sabuni imewafikisha watu nyumbani usiku wa mvua, na sitaidharau. Lakini kazi yake ni kukufikisha kwa fundi. Fundi anayekurudisha barabarani na sabuni ile ile, akakutoza, amekuuzia shida yako mwenyewe.

Paipu ya chuma chini ya sakafu nayo ina mitego yake. Kutu huanzia pale ilipobanwa na vishikizo, mahali tope na unyevu hukaa, kwa hiyo anayetazama sehemu iliyo wazi tu huona chuma kizima. Paipu mpya iwe ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Shaba tupu hupindika vizuri mkononi na kuvutia macho, lakini mtikisiko wa barabara huifanya kuwa ngumu, na kilicho kigumu huvunjika. Paipu hukatwa kwa kikatio cha kuzunguka, kwani msumeno huacha vumbi la chuma litakalokwenda kuishi kwenye kabureta. Hupindwa kwa kifaa chake ili isijikunje ikaziba. Ncha yake huinuliwa ukingo mdogo, ule uvimbe unaouzuia mpira kuteleza, kisha paipu nzima hupulizwa hewa hadi itoke safi. Vishikizo huwekwa karibu karibu, kila kimoja na raba yake, na penye tundu la bodi huwekwa raba ya kuzuia kukwaruzana. Na mahali ambapo Peugeot iliipitisha paipu kiwandani, fundi huipitisha hapo hapo. Wahandisi wa miaka ya 1960 walikwishaipima njia iliyo mbali na joto, na anayefupisha njia hiyo ili kuokoa urefu wa mkono huisogeza petroli karibu na ekzosi.

Kosa hilo la joto hulipwa kwenye barabara ya Meru. Petroli iliyopashwa huchemka ndani ya paipu, hasa kwenye mwinuko ambako hewa ni nyepesi, na pampu hubaki ikisukuma mvuke badala ya mafuta. Gari hupanda kutoka bondeni, husimama kuchukua abiria, halafu hukataa kuwaka. Madereva wa zamani walikuwa na dawa: kitambaa chenye maji juu ya pampu, na subira. Dawa hiyo hufanya kazi, lakini gari linaloihitaji kila siku linaomba njia yake ya mafuta itazamwe upya.

Klipu ni kitu kidogo kinachoonyesha tabia ya mtu. Ile yenye meno na matundu, inayotumika kwa mipira minene ya radieta, hukata mpira mwembamba wa mafuta polepole. Inayofaa ina mkanda laini usio na matundu na kingo zilizokunjwa nje. Huwekwa nyuma ya ule ukingo wa paipu, si juu yake, na hukazwa hadi mpira uanze kuinuka kidogo pembeni, kisha mkono huacha. Mkono wenye haraka haujui kuacha. Chujio nalo lina mshale unaoonyesha mafuta yanakoelekea, nalo halining'inizwi juu ya distributa wala juu ya ekzosi, kwa kuwa chochote chenye viungo viwili kina nafasi mbili za kuvuja.

Kabla ya kufunga boneti kuna pampu yenyewe. Kwenye 404 na 504 za kabureta ni ya mekaniki, yenye kiwambo cha raba ndani, nacho kina umri sawa na mipira iliyotupwa. Kikipasuka, petroli hushuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Fundi huchomoa kijiti cha kupimia oili na kukinusa. Kikinuka petroli, kazi haijaisha.

Halafu majaribio. Lita chache tu hurudishwa kwenye tangi. Pampu ya namna hii mara nyingi huwa na kishikio cha mkono, hivyo mafuta hupandishwa betri ikiwa bado haijaunganishwa, na fundi hupita kiungo kwa kiungo akikibonyeza kwa kipande cha karatasi nyeupe. Jicho hukosea penye unyevu mdogo, karatasi haikosei. Ndipo betri hurudi, injini huwaka, na karatasi hupita tena. Gari huachwa lipate moto, na karatasi hupita mara ya tatu. Siku chache baadaye mwenye gari huambiwa arudi, bila malipo, kwa sababu raba mpya ikishakaa hulegea kidogo na klipu hutaka kuguswa tena. Vitambaa vilivyolowa huwekwa kwenye debe la chuma lenye kifuniko, nje. Petroli chafu haimwagwi mtaroni, kwa kuwa mitaro ya Embu huelekea mtoni, na kuna watu na mifugo kule chini wanaoutegemea mto huo.

Nimeandika kwa urefu kuhusu hatua hizi kwa kuwa ndani yake mna elimu kamili: kemia ya raba, tabia ya mvuke, nguvu ya chuma, na adabu ya kuishi na jirani. Wengi walio na elimu hiyo hawana karatasi inayosema wanayo. NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya daraja kwa mafundi, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na ni jambo jema kwa kijana wa spana kuitafuta. Hata hivyo mtihani hupima alichofanya siku moja mbele ya msimamizi. Kinachojenga fundi ni miaka ya kumtazama mkubwa wake asiyeruka hatua siku ambayo hakuna msimamizi, mteja ana haraka, na mpira wa bei ndogo uko mkononi. Kijana aliyelelewa na fundi anayecheka vijana wakivuta petroli kwa mdomo atacheka pia. Aliyelelewa na yule anayelisukuma gari nje kabla ya kugusa spana atalisukuma nje maisha yake yote, na wale atakaowafundisha vilevile.

Kwa hiyo ninaomba tubadilishe namna tunavyosifu na namna tunavyolipa. Tukienda gereji tunauliza mambo mawili, lini litakuwa tayari na ni pesa ngapi, kisha tunamsifu aliyetaja siku ya karibu na bei ndogo. Katika breki, usukani na njia ya mafuta, maswali hayo mawili ndiyo yanayomfukuza fundi mwangalifu sokoni. Yeye hutumia asubuhi nzima akiandaa mahali. Hununua mpira wenye alama sahihi, huchoma mafuta ya pikipiki kuutafuta hadi Nairobi ukikosekana Embu, na hukataa kazi asipoupata. Akimaliza, mteja huona gari lile lile, kwa rangi ile ile, likiwaka kama lilivyowaka jana. Hana cha kuonyesha ila kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye gari aliye na busara atailipia asubuhi hiyo bila kunung'unika, atauliza aonyeshwe maandishi kwenye ubavu wa mpira, na atarudi siku aliyoambiwa arudi.

Ubunifu umeibeba nchi hii katika miaka ya uhaba, na bado tunauhitaji. Lakini mbunifu asiyejua mpaka wake ni hatari kwa mtaa wake, na anayeujua ni hazina. Fundi wa Dallas anayeweza kuchonga bushi kutoka kwa tairi kuukuu siku ya Jumatatu, na siku ya Jumanne akaukataa mpira usio na alama hata kama mteja ataondoka na hasira, ana akili moja inayofanya kazi mbili. Siku zote tumeisifu ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyowafikisha nyumbani abiria wa zile Peugeot zote, mlima baada ya mlima, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi.